Kwa nini mwili wa mtu wa kundi O huikataa damu ya A hata kama haujawahi kukutana nayo?

Ukipimwa kundi la damu, mhudumu hudondosha matone mawili ya damu yako kwenye kigae cheupe. La kwanza hulitilia dawa ya buluu, la pili ya manjano, kisha hukoroga kwa kijiti na kukitikisa kigae taratibu. Damu ikikatika chengachenga kama maziwa yaliyochacha upande wa buluu, wewe ni A. Upande wa manjano, B. Zikichenga zote, AB. Zikitulia zote, wewe ni O, kundi lenye watu wengi kuliko mengine hapa Uganda.

Kinachokamatisha damu ile ni kingamwili zilizomo kwenye dawa, yaani protini za kinga zinazomshika adui. Karl Landsteiner aliyagundua makundi haya mjini Vienna mwaka 1901, na kioja ni kwamba mtu wa O hutembea na kingamwili za kupinga A na B tangu utotoni, hata kama hajaongezewa damu maishani. Kingamwili za surua huzipati mpaka uugue au uchanjwe. Hizi je, nani alizifundisha?

Mwalimu yuko tumboni. Alama za A na B ni sukari zilizobandikwa juu ya chembe nyekundu, na bakteria kadhaa wa utumboni wamevaa sukari zinazofanana nazo sana. Mtoto mchanga hatengenezi kingamwili hizo. Huanza akiwa na miezi mitatu hadi sita hivi, bakteria wakishahamia. Mwaka 1959 Georg Springer na wenzake walilea vifaranga mahali pasipo na kijidudu chochote. Vifaranga wa kawaida walipata kingamwili za kupinga B, hawa hawakupata. (Rhesus, ile chanya au hasi inayoandikwa pembeni ya kundi, ni habari nyingine: alama yake ni protini, si sukari, ndiyo maana mtu hasi hana kingamwili yake mpaka akutane na damu chanya, kwa mfano katika ujauzito.)

Mafundi wa kutengeneza kingamwili ni seli B (herufi hiyo haihusiani na kundi B), aina ya seli nyeupe zinazozaliwa kwenye uboho wa mifupa. Nyingi hungoja adui aonekane. Baadhi, hasa zilizopiga kambi kwenye bandama, hazina subira hiyo. Hutoa kingamwili iitwayo IgM, iliyoundwa kwa vipande vitano vilivyoshikana, jumla mikono kumi. Kila mkono una nguvu ndogo, lakini kumi ikishika pamoja adui haponyoki, na protini nyingine za damu huitwa kuja kumtoboa. Ukitundikiwa damu isiyo yako, chembe zake huanza kupasuka ndani ya dakika chache na figo huweza kufa. Nesi akikuuliza jina mara ya tatu kabla ya kufungua mrija, mjibu tu.

Mwili haukuziweka kingamwili hizi ili kuwasumbua watu wa benki ya damu Nakasero. Kazi yake inaonekana zaidi zinapokosekana. Bakteria wa nimonia aitwaye pneumokoka hujifunika koti la sukari, na seli B za bandama ndizo hodari wa kulitambua. Sasa mtazame mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe zake nyekundu zilizopinda huziba mishipa ya bandama, nayo hunyauka angali mdogo sana. Utafiti wa kitaifa wa 2014 hadi 2015 ulikuta watoto wapatao 13 katika kila 100 nchini wamebeba kinasaba cha ugonjwa huu, na chini kidogo ya mmoja katika 100 ana ugonjwa wenyewe. Kwa huyo mmoja, pneumokoka anaweza kuenea kwenye damu na kumuua kwa siku moja. Ndiyo maana kliniki humpa mama penisilini ya kumnywesha asubuhi na jioni, mtoto awe anaumwa au anacheza uani, mpaka atimize angalau miaka mitano.