Deni kupelekwa kwa wakusanya madeni: maana yake ni nini?

Mkopo unapochelewa kulipwa, mkopaji hupata kwanza ujumbe mfupi wa kumkumbusha, kisha simu ya mfanyakazi wa mkopeshaji, na baada ya majuma kadhaa simu kutoka nambari asiyoijua, ambapo mtu mgeni anamtaja kwa majina yake yote matatu na kumwuliza atalipa lini. Hapo ndipo husemwa kwamba deni limepelekwa kwa wakusanya madeni. Nchini Kenya maneno hayo huwatisha watu kupita kiasi, kwa kuwa yamechanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali: wakala anayepiga simu, kuorodheshwa CRB (ofisi za kumbukumbu za mikopo), na dalali anayekuja na lori kuchukua mali.

Wakala ni kampuni iliyopewa kazi ya kufuatilia fedha za mkopeshaji, nayo kwa kawaida hulipwa sehemu ya kile inachofaulu kukusanya, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo chanzo cha ukali wa baadhi ya simu zake. Deni lenyewe mara nyingi hubaki kuwa la mkopeshaji, na wakala ni mjumbe tu. Hana mamlaka ya kumkamata mtu wala ya kuingia nyumbani kwake kuchukua televisheni. Akisema kwamba polisi watafika kesho asubuhi, ikumbukwe kuwa kushindwa kulipa mkopo wa kawaida ni kesi ya madai, si ya jinai. Na kwa kuwa wakala ni mjumbe tu, inafaa kumwomba maandishi yanayoonyesha salio, na fedha zilipwe kwenye akaunti ya mkopeshaji badala ya nambari binafsi ya aliyepiga simu.

Mikopo ya simu ina historia yake hapa. Kwa miaka kadhaa baadhi ya programu zilisoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa, mama mkwe wake au mwajiri wake alipigiwa simu na kuelezwa habari za deni ambalo hakuwahi kulidhamini. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zilipiga marufuku mwenendo huo, pamoja na vitisho, matusi na kumwaibisha mdaiwa mtandaoni. Marufuku hiyo inamhusu pia wakala anayekusanya kwa niaba yao.

CRB ni ofisi za kumbukumbu za mikopo, na kazi yake si kudai. Kila anayekopa benki huwa na rekodi humo, njema au mbaya, hivyo usemi wa "kuwekwa CRB" una kasoro kidogo. Rekodi mbaya huingia mkopo unapokaa siku 90 bila kulipwa, na mkopeshaji hutakiwa kumwarifu mteja mapema. Kwa wakopeshaji wa kidijitali, deni lisilozidi shilingi 1,000 haliorodheshwi vibaya. Ukilipa, rekodi hurekebishwa kuonyesha kwamba umelipa, ingawa historia yenyewe haifutiki siku hiyo.

Dalali ndiye mwenye meno, lakini kwa deni lisilo na dhamana hawezi kuja kabla mkopeshaji hajashtaki, akashinda kesi na kupata amri ya mahakama ya kukazia hukumu, yaani kuitekeleza kwa kuchukua mali ya mdaiwa. Mambo hubadilika pale mkopaji alipoweka gari au shamba kuwa dhamana, kwa maana mali hiyo inaweza kuuzwa bila kesi, mradi notisi zilizowekwa na sheria zitolewe kwanza. Katika kukazia hukumu, dalali mwenye leseni hufika, huandika orodha ya vitu anavyokusudia kuchukua pamoja na thamani ya kila kimoja, humwachia mdaiwa nakala, na kumpa siku saba za kulipa kabla ya kurudi kuvibeba. Gharama zake huongezwa juu ya deni, ndiyo maana kukubaliana na mkopeshaji kabla ya hatua hii huwa nafuu. Sheria ya mwenendo wa kesi za madai, hata hivyo, inamwachia mdaiwa na familia yake mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, kwa hiyo orodha iliyotaja sufuria na godoro inaweza kupingwa mahakamani.