"Demander" si kudai

Nimekutana nayo tena wiki hii: barua ya Kifaransa iliyopitia Kiingereza kabla ya kutua kwenye Kiswahili, na mle ndani mtu anasema "ninadai maelezo zaidi". Nikaitafuta barua yenyewe. Mwenyewe kaandika "je vous demande", yaani nakuomba. Maskini, alikuwa anaomba, tena kwa "vous" ya heshima.

Kwa kifupi, kitenzi cha Kifaransa "demander" kwa Kiingereza ni "ask" ukiuliza jambo na "ask for" ukiomba kitu. "Se demander" ni "wonder", kujiuliza. Kwa kitu kisicho na kinywa huwa "require" au "take": "cela demande du temps", hilo linahitaji muda. Swali, hata hivyo, haliendi na kitenzi hiki. Wafaransa husema "poser une question".

Linaloniudhi ni "demand" ya Kiingereza, yaani kudai. Watu wakiona maneno yamefanana sura, wanadhani na tabia ni moja. Ni ndugu kweli, ila hawakulelewa nyumba moja. Mzazi wao ni "demandare" ya Kilatini, yaani kukabidhi. Unayemkabidhi jambo ni kama umemwomba alishughulikie, na upole huo Kifaransa kimebaki nao. Sasa, Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, halafu ya mahakama. Kilishika mizizi hasa: sheria ya 1362 iliyotaka mashauri yasemwe kwa Kiingereza yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Katika mahakama hizo, aliyekuja kutaka ardhi yake aliitwa "demandant". Huyo habembelezi mtu, anasimamia haki yake. Waingereza wakalizoea neno likiwa na makali hayo ya kortini, na kwa maombi ya kawaida walikuwa tayari na "ask" yao.

Nikiri kwamba Kifaransa nacho kina kona moja yenye makali: mahakamani "demandeur" ni mdai kabisa, na anayeshitakiwa ni mdaiwa. Lakini ukitoka nje ya mlango wa mahakama, "demandeur d'asile" ni mwomba hifadhi, na "demandeur d'emploi" ni mtu anayetafuta kazi. Mfaransa akitaka kudai kwa nguvu anazo "exiger" na "réclamer", hana haja ya kuazima.

Kiswahili kinatubana tuchague kati ya kuuliza, kuomba na kudai, na kwa hiyo kosa letu huonekana haraka kuliko la wengine. Tazama "je vous demande pardon". Hapo Mwingereza mwenyewe hathubutu kuweka "demand". Atasema "I beg your pardon". Nani alishawahi kudai samahani?

Basi ile barua, kama bado haijatumwa, isomeke hivi: "Naomba maelezo zaidi."