Eya loku ni nini, na inahusiana vipi na hita inayopoa huku kulanti inapungua

Fundi akikwambia gari "ina eya loku" anamaanisha kuna hewa imeingia kwenye mzunguko wa kulanti (yale maji ya kupoza injini) ikakwama, maji yanashindwa kupita vizuri. Ndo hivyo tu. Ila kwenye gari ya zamani hili neno linaunganisha shida mbili ambazo watu wanazitibu kama hazijuani kabisa, yaani kulanti inayopungua kidogo kidogo bila kuona inamwagikia wapi, na hita ambayo saa hii inatoa joto baada ya dakika kumi inatoa baridi.

Hita haina moto wake yenyewe. Ndani ya dashibodi kuna rejeta ndogo, kulanti ya moto ya injini inapita humo, feni inapuliza, unapata joto. Sasa kwenye magari mengi hiyo rejeta ndogo iko juu juu, na hewa kawaida yake inakimbilia juu, kwa hiyo kulanti ikipungua hita ndo inayoanza kusumbua, mara nyingi kabla hata injini haijachemsha. Ukiwa umesimama unapata baridi, ukikanyaga mafuta joto linarudi sababu wota pampu inazunguka kwa kasi na kusukuma ile kulanti iliyobaki, na ukisikiliza vizuri utasikia kama maji yanabubujika nyuma ya dashibodi. Na msiiamini sana geji ya temperecha wakati huo, sensa yake ikizungukwa na hewa badala ya maji inaweza kusoma chini wakati injini inaungua.

Kwa hiyo usikimbilie kununua vifaa vya hita, tafuta kwanza kulanti inaenda wapi. Chini unaweza usione tone hata moja, kwa sababu inadondokea kwenye chuma cha moto inakauka, inaacha ukoko mweupe au wa rangi ya kulanti yenyewe. Angalia kwenye klipu za mipira, maungio ya rejeta, na kile kitundu kidogo chini ya wota pampu, kikiwa na michirizi ujue sili ya ndani imechoka. Zulia la mbele likiwa na unyevu, kioo kinaweka ukungu wenye mafuta mafuta na kuna harufu tamu ndani, hapo ni rejeta ya hita yenyewe.

Kama huoni kitu, pima presha injini ikiwa BARIDI. Unafunga pampu ya mkono mahali pa mfuniko wa rejeta, unajaza presha mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko (nyingi ni kama 0.9 au 1.1 bar, usizidishe), unasubiri dakika 15. Mshale ukishuka kuna mahali panavuja, chukua tochi. Mfuniko nao upimwe, springi ikilegea kulanti inatoka kwa njia ya mvuke na utazunguka injini nzima bure. Na tafadhali usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, yale maji yana presha na yanababua vibaya sana.

Ukishaziba ndo unatoa hewa: pua ya gari iinuke, hita iwe kwenye joto la mwisho, jaza taratibu huku injini inaunguruma, kama kuna skrubu ya kutolea hewa ifungue mpaka itoke kulanti tupu, subiri thamostati (vali inayoachia kulanti ipite kwenye rejeta injini ikipata moto) ifunguke na mpira wa juu wa rejeta uwe wa moto. Hita ikibaki baridi wakati kulanti imejaa kabisa, shika mipira miwili inayoingia kwake kwa uangalifu, mmoja wa moto mwingine wa baridi mara nyingi ni uchafu umeziba ndani.

Povu la hewa pale unapojazia kulanti lisipoisha hata ukisubiri vipi, hapo moshi wa silinda huenda unaingia kwenye maji kupitia gasketi ya silinda hedi. Mwambie fundi apime kwa ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya injini ya petroli, kabla hajafungua chochote.