Simu yako haichelewi, zinazochelewa ni hedifoni

Wiki iliyopita nilisafiri usiku kwa basi. Kijana wa siti ya pembeni alikuwa anatengeneza biti kwenye simu, na hata bila kusikia chochote nilijua kinachomsumbua kwa kumtazama vidole tu. Gumba la kulia linapiga kiki, ile ngoma nzito ya chini, la kushoto sneya, ngoma kali inayoitikia, mapigo mawili matatu yanakwenda, halafu anasita, anafuta, anaanza upya. Karibu nusu saa ni hivyo hivyo. Mwishowe akakiona kinanda kidogo nilichokuwa nacho mapajani, akaniinamia: "Samahani kaka, naona na wewe ni mtu wa muziki. Hii simu yangu nzito sana, sauti inakuja nyuma ya kidole. Ninunue ipi?"

Nikamwuliza masikioni kavaa nini. Hedifoni za Bluetooth. Nikamchomekea zangu za waya. Akapiga kiki mara nne, akaniangalia, akapiga tena mara nne. Baada ya hapo hakunisemesha kwa muda mrefu, alikuwa kazini.

Swali lake ni halali kabisa. Linaloniudhi ni jibu linalozunguka kila mahali: simu yako ndogo, nunua kubwa; programu hii mbovu, shusha ile. Nimeona watu wakibadilisha simu mara mbili, hedifoni ni zile zile, na tatizo limehama nao. Basi naliandika hapa mara moja, kwa urefu.

Simu hutoa sauti kwa mafungu madogo, ndiyo bafa. Kwenye sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 256 ni milisekunde 5 na kidogo. Bafa ya 1024 ni kama 21. Ongeza muda wa kioo kukisoma kidole na wa programu kufanya hesabu zake, bado uko mahali ambapo mwanadamu anaweza kupiga ngoma. Zamani Android ilikuwa inachelewa kweli, sikatai, na nadhani hii imani ilizaliwa wakati ule. Lakini toleo la 6.0, la mwaka 2015, lilikataza kifaa kujitangaza kuwa cha sauti ya kitaalamu mpaka safari nzima ya sauti, kuingia na kutoka, iwe milisekunde 20 au chini yake. Mwaka 2017, toleo la 8.0 likaleta AAudio, njia mpya ya programu kufikia sauti kwa haraka. Si kila simu imefika huko, ila hali si ile tena.

Sasa chukua sauti hiyo hiyo uipitishe kwenye Bluetooth. Inabanwa kwa kodeki (mfumo wa kubana sauti na kuifumua), inafungwa kwenye vifurushi, inarushwa hewani, inapokelewa, inawekwa akiba upande wa pili ili mawimbi yakiyumba usisikie mkato, inafumuliwa, ndipo inaingia sikioni. Kwa SBC, kodeki ambayo kila hedifoni ya Bluetooth ya muziki lazima iwe nayo, safari hiyo hula milisekunde 150, 200, hata zaidi. Piga hesabu kwa biti ya kasi ya 120, yaani mapigo 120 kwa dakika. Pigo moja ni milisekunde 500, na robo ya pigo, pale hai-hati (yale matoazi madogo) inapokaa, ni 125. Umepiga kiki kwenye moja, unaisikia wakati hai-hati ya kwanza imeshapita na ya pili inakaribia. Hakuna mpiga ngoma duniani atakayekaa humo.

Hapa ndipo ninapobishiwa kila mara: "Mbona nikiangalia video midomo inaenda sawa na sauti?" Inaenda sawa kwa sababu picha inasubirishwa. Hedifoni huiambia simu ucheleweshaji wake ni kiasi gani, programu ya video inaizuia picha kwa muda huo huo, na vyote viwili vinakufikia pamoja. Inawezekana kwa sababu video imesharekodiwa, kinachofuata kinajulikana. Kidole chako bado hakijapiga, na simu haina namna ya kuanza kutoa sauti ya pigo ambalo hujalipiga. Naomba mtu asinipe tena mfano wa video.

Kuna jambo moja ambalo walimu wengi hulipita, nami nitalikalia. Kuimba si sawa na kupiga. Ukiimba juu ya biti unayoisikia kwa Bluetooth, huku hujisikii kwenye hedifoni ila kwa sikio lako la kawaida, utaimba sawasawa na unachosikia, na rekodi yote itakaa nyuma kwa milisekunde zile zile. Iburute mbele, imekaa. Nimerekodi sauti za mwongozo hivyo, zimefaa. Lakini ukiwasha kujisikia, yaani sauti yako ikurudie masikioni, umekwisha, ulimi unajifunga wenyewe. Na ukipiga kinanda cha kwenye kioo, kuburuta hakukusaidii, maana ulikosea ukiwa unapiga: mkono ulikuwa unawahi kufidia, kisha unasahau, kisha unawahi tena. Makosa yasiyo na kipimo kimoja hayaburutiki.

Halafu kuna maiki ya hizo hedifoni zenyewe. Ukiiwasha, Bluetooth kwa kawaida huacha njia ya muziki na kuhamia njia ya kupigia simu, sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, na biti yako inasikika kama inatoka ndani ya kopo. Mtu hapo hulaumu programu. Badilisha maiki iwe ya simu, biti itarudi.

Msinielewe vibaya mkavitupa vinanda visivyo na waya. MIDI kwa Bluetooth, iliyopata kanuni zake rasmi mwaka 2015, haibebi sauti. Inabeba taarifa tu: noti hii, nguvu hii, imeachwa. Ni baiti chache, zinafika upesi. Kinanda changu cha safari ni cha namna hiyo na sina ugomvi nacho. Kwa hiyo kinanda bila waya sawa, hedifoni bila waya hapana. Zipo kodeki za haraka, kama aptX Low Latency inayoshuka hadi milisekunde 40 hivi, lakini lazima simu na hedifoni zote mbili ziwe nayo.

Je, milisekunde ngapi ni nyingi? Vitabu hupenda kusema 10. Mimi sina imani na namba hiyo. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kukaa mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, na watu wamepiga gitaa katika umbali huo miaka yote. Kwa nyuzi na pedi, zile sauti za kinanda zinazoingia polepole, 40 hainisumbui. Kwa hai-hati, 25 inanisumbua, na kuna siku ambazo hata 15 naihisi. Usiku nikiwa nimechoka, nahisi zaidi. Pima mkono wako mwenyewe.

Simu nyingi siku hizi hazina tundu la milimita 3.5, kwa hiyo utahitaji adapta, na hapa watu hununua mara mbili. Adapta za USB-C ziko za aina mbili. Moja ina kigeuzi cha sauti ndani yake, inakubaliwa na karibu kila simu. Nyingine ni waya mtupu, inategemea simu iwe na uwezo wa kutoa sauti ya analogi kwenye tundu hilo, na simu nyingi hazina. Kwa macho zinafanana. Tafuta iliyoandikwa DAC, ndicho hicho kigeuzi.

Na anayesema vifaa vya kwapani havitengenezi muziki wa kweli, kundi la Gorillaz walitengeneza sehemu kubwa ya albamu yao The Fall kwa iPad wakiwa ziarani Amerika ya Kaskazini mwaka 2010. Hiyo iPad ya kwanza ilikuwa dhaifu kuliko simu nyingi zilizo mifukoni leo. Tundu la hedifoni lilikuwepo.

Mengine ya safarini nitayapita haraka. Weka simu kwenye hali ya ndegeni kabla ya kurekodi, usije ukapigiwa katikati ya mstari mzuri. Ukisikia muungurumo wakati simu iko kwenye chaji, ichomoe, tumia betri. Usifute programu kabla ya kutoa kazi zako nje, maana mara nyingi hufutika nayo. Na usiamue kiwango cha besi ukiwa kwenye basi au ndege. Injini hunguruma mule mule besi inamokaa, unaiongeza mpaka uisikie, ukifika mahali tulivu inavuma mpaka inafunika sauti ya mwimbaji. Hedifoni za kuzima kelele hupunguza tatizo, lakini nyingi hubadilisha sauti zikiwa zinazima. Nikilazimika, naweka wimbo ninaoufahamu vizuri kwa sauti ya ukubwa ule ule, nalinganisha besi yangu na yake. Injini inazidanganya zote mbili sawasawa.

Kabla hatujashuka, yule kijana alitaka kujua hedifoni zake zinachelewa kwa kiasi gani hasa. Tulifanya hivi, na wewe fanya. Anzisha kazi mpya yenye kliki (mlio wa kuhesabia mapigo) ya 120. Chagua maiki ya simu. Vua hedifoni ya upande mmoja, ibane kwenye kitundu cha maiki, funika kwa kiganja kuzuia kelele, rekodi kliki nane. Kisha vuta kioo mpaka uone mwanzo wa kliki ya asili na mwanzo wa ile iliyorekodiwa, na upime pengo. Rudia mara tatu, kwa sababu Bluetooth hubadilika kila inapounganishwa. Programu nyingine hufidia pengo zenyewe, kwa hiyo ukikuta ni sifuri, zima fidia kwenye mipangilio upime upya.

Zake zilitoa 212, kisha 198, kisha 231. Zangu za waya, kwenye simu yake hiyo hiyo aliyotaka kuibadilisha, zilitoa 24 mara zote tatu.