Paipu ya breki ikishaoza usiiunge, badili yote

Land Rover 109 (zile ndefu za zamani, inchi 109 kati ya ekseli) zilizobaki huku Tanga na Pangani bado zinabeba mzigo, na zinapigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima. Bodi ya alumini inastahimili, lakini paipu za breki ni za chuma, nyembamba, kipenyo cha inchi 3/16. Zinaoza mahali usipopatazama: chini ya klipu za kwenye chasisi, ambako matope hukaa na unyevu wake, na juu ya ekseli ya nyuma. Piga brashi ya waya hapo. Ikibanduka magamba, au ukucha ukanasa kwenye vishimo, paipu hiyo imekwisha hata kama haijaanza kuvuja.

Wateja huniomba nikate kipande kibovu tu, niunge. Sikubali, kwa sababu kipande kinachobaki kimekula chumvi ileile kwa miaka ileile. Paipu ya shaba ya friji nayo siifungi: shaba tupu hukakamaa kwa mtetemo, halafu hupasuka. Nunua paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli iliyotengenezwa kwa ajili ya breki. Haili kutu, na hukunjika kwa mkono bila kubonyea.

Nati zilowekwe mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake. Nati ikizunguka pamoja na paipu, usihangaike nayo: kata paipu karibu na nati, kisha ingiza boksi spana ya pembe sita.

Hapa kwenye nati ndipo pa kutulia. Gari iliyopita mikono mingi huwa na nyuzi za inchi 3/8 UNF (nyuzi nyembamba za kipimo cha inchi) sehemu moja na za milimita 10 sehemu nyingine. Kwa macho zinafanana. Nati ya UNF huingia kwenye tundu la milimita 10 ikilegalega, inakaza kidogo na kukudanganya, halafu presha inaing'oa. Kila nati ingie kwa vidole hadi karibu mwisho bila kucheza; ikicheza, si yake. Na mdomo wa paipu mpya (ncha iliyotanuliwa, inayobanwa na nati) uufuate ule wa zamani, kwa kuwa mdomo wa kuvimba na mdomo uliokunjwa mara mbili havibadilishani nafasi. Tena nati ivishwe kwanza, ndipo utanue mdomo.

109 ina wili silinda (silinda ndogo zinazosukuma breki shuu) mbili kwa kila gurudumu la mbele, na moja moja nyuma, jumla sita. Ile paipu fupi inayounganisha silinda mbili za gurudumu moja la mbele husahauliwa sana, ibadili pia. Vuta raba ya vumbi: ukikuta majimaji nyuma yake, silinda inavuja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana silinda hutoboka vishimo kwa ndani. Raba mpya ndani ya silinda yenye vishimo italiwa mapema, kwa hiyo fungeni silinda mpya, kulia na kushoto pamoja. Breki shuu zilizolowa mafuta nazo zitupwe, hata ukizichoma moto bado zitavuta gari upande.

Paka raba mafuta safi ya breki tu. Oili ya injini au grisi huzivimbisha.

Kutoa upepo ulioingia ndani ya paipu, anza gurudumu la mbali zaidi na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali). Kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Anayekanyaga asifikishe pedali chini kabisa, maana raba za masta kongwe zitakwaruzwa na kutu ya sehemu ambayo hazijawahi kuifikia. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe kwenye kopo.

Ukishamaliza, rekebisha shuu, mtu akanyage kwa nguvu na kushikilia dakika nzima, nawe upitishe karatasi kavu kwenye kila kiungo. Karatasi ikilowa, legeza nati, kagua mdomo wa paipu, ukaze upya. Kuongeza nguvu ya spana peke yake hupasua mdomo.