Damu haikadiriwi kwa macho: utafiti wa uzazi na ushirikiano wa hospitali za dunia

Muulize mkunga yeyote wa siku nyingi alifundishwaje kujua mama ametokwa na damu kiasi gani baada ya kujifungua, atakuambia: kwa macho. Unaangalia shuka, unaangalia pedi, unatupa jicho sakafuni, unakadiria, unaandika kwenye faili. Nami nilifundishwa hivyo hivyo, na nimeandika "damu ya kawaida" mara nyingi mno. Kumbe jicho hudanganya. Damu iliyonywewa na shuka huonekana kidogo. Iliyochanganyika na maji ya uzazi hakuna anayeweza kuisema ni kiasi gani. Na mama kijana mwenye afya njema anaweza kupoteza damu nyingi huku anaongea nawe vizuri tu, anamuulizia mtoto wake, halafu ghafla presha inashuka. Hapo tayari mmechelewa.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoua wazazi wengi zaidi duniani, takriban 70,000 kila mwaka. Ukijumlisha sababu zote za ujauzito na uzazi, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 walifariki wanawake wapatao 260,000, yaani zaidi ya 700 kwa siku.

Sasa kiangalie kifaa hiki. Ni karatasi laini ya plastiki inayotandikwa chini ya makalio ya mama mara tu mtoto anapotoka. Sehemu yake ya chini imefungwa ikawa kama mfuko uliochongoka, na ubavuni pana mistari yenye namba za mililita. Damu inateremka yenyewe mpaka mfukoni. Mkunga hakisii tena. Anasoma, kama unavyosoma kipimo cha dawa ya maji kwenye kikombe chake. Ikifika 500, anaanza matibabu. Ikifika 300 na mapigo ya moyo au presha vina kasoro, anaanza pia. Na haanzi na hatua moja akasubiri aone: anasugua mji wa mimba, anatoa dawa ya kuubana, anachoma traneksamiki asidi inayosaidia damu kuganda, anaweka dripu, anachunguza njia ya uzazi na kuita msaada, vyote kwa mkupuo.

Utaratibu huo ulipimwa katika utafiti uitwao E-MOTIVE, uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza pamoja na Shirika la Afya Duniani, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wanawake zaidi ya 200,000 walihusika. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, wanawake 43 kati ya kila 1,000 walipata madhara makubwa ya kutokwa na damu. Katika hospitali zilizofuata utaratibu mpya, walikuwa 16. Kilichonigusa zaidi ni namba nyingine: huko kwenye utaratibu wa zamani, waliotokwa na damu nyingi waligunduliwa nusu yao tu. Kwenye mfuko wenye vipimo, waligunduliwa 93 kati ya 100.

Hakuna dawa mpya hata moja iliyovumbuliwa hapo. Kila kitu kilikuwepo tayari, kila kimoja kivyake. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba vikiunganishwa vinaokoa maisha, na ushahidi huo hospitali moja haiwezi kuutoa hata ikae miaka hamsini.

Watu huniuliza kwa nini. Kwa nini msijaribu dawa hospitalini kwenu, mkaona inafanya kazi au haifanyi? Jibu limo katika hiyo traneksamiki asidi. Ilivumbuliwa Japani mwaka 1962 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, waliokuwa wakitafuta dawa ya kuzuia damu kwa ajili ya wazazi. Ilikaa zaidi ya miaka hamsini bila kupimwa ipasavyo kwa wanawake hao hao iliyokusudiwa kwao. Utafiti wa WOMAN, uliotolewa mwaka 2017, ndio uliofanya kazi hiyo, kwa wanawake 20,060 wenye kutokwa na damu nyingi katika nchi 21. Kati ya kila 1,000 waliopewa dawa, 15 walikufa kwa damu. Kati ya kila 1,000 ambao hawakupewa, 19. Tofauti ni wanne. Katika wodi moja, hao wanne utawaona wapi? Mwaka huu wamepona wengi, mwaka ujao wamekufa wengi, na wewe unabaki unabishana na wenzako kama ni dawa au ni bahati. Lakini kwa mamilioni ya wanawake wanaotokwa na damu nyingi kila mwaka duniani, wanne katika elfu ni umati wa mama waliorudi nyumbani na watoto wao. Utafiti huo huo ulionyesha jambo jingine: dawa inafaa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue. Baada ya hapo faida haikuonekana.

Basi ushirikiano wa nchi nyingi unatupa wingi. Lakini kuna sababu ya pili ambayo naiona nzito zaidi, nayo ni kwamba dawa iliyofaulu mahali pamoja inaweza kudhuru mahali pengine.

Mwaka 1972 madaktari wawili wa New Zealand, Liggins na Howie, walionyesha kuwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati akichomwa sindano za steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa haraka na njiti wengi zaidi hupona. Katika nchi tajiri sindano hizo zikawa jambo la kawaida. Ikaonekana njia rahisi ni kuzisambaza kila mahali, mpaka kwenye zahanati. Jaribio kubwa likafanyika katika nchi sita, miongoni mwao Kenya, Zambia, India na Guatemala, likihusisha karibu wazazi 100,000. Majibu yalipotoka mwaka 2015 yalitushtua wengi wetu: watoto waliozaliwa wakiwa wadogo hawakupona zaidi, na ukihesabu vichanga wote, maeneo yaliyotumia sindano yalikuwa na vifo vingi kuliko yale ambayo hayakuzitumia. Akina mama waliodhaniwa kuwa na maambukizi nao waliongezeka.

Dawa ilikuwa ile ile, ila mazingira yalikuwa mengine. Ambako hakuna kipimo cha ultrasaundi, umri wa mimba hukisiwa kwa tarehe ya hedhi ya mwisho au kwa kupapasa tumbo, na kwa njia hiyo wengi waliochomwa hawakuwa na njiti kabisa. Walijifungua watoto waliotimiza miezi yao. Na njiti aliyezaliwa alihitaji joto, oksijeni na maziwa, si sindano peke yake.

Watafiti wangeweza kuishia hapo wakasema steroidi hazifai kwa nchi maskini. Badala yake swali liliulizwa upya kwa uangalifu zaidi. Katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, umri wa mimba ulipimwa kwa ultrasaundi na hospitali ziliandaliwa kuwahudumia njiti. Baada ya wanawake 2,852 kushiriki, jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikwisha kuonekana wazi: kati ya kila njiti 1,000, vifo vilishuka kutoka 235 hadi 196. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "utafiti umeshafanyika Ulaya, tuanze tu," muulize kwanza hao wa Ulaya walikuwa na nini wodini ambacho sisi hatuna.

Maarifa pia hayatoki upande mmoja. Huduma ya kangaruu, ya kumfunga njiti kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá nchini Colombia mwaka 1978, wakati mashine za kuwatunzia joto hazikutosha. Baadaye watafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania waliuliza kama ni lazima kusubiri mtoto atulie kwanza ndipo awekwe kifuani, kama tulivyokuwa tukifanya sote. Hapana, si lazima: walioanzishiwa mara baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo. Ilibidi vitanda vya akina mama viingizwe ndani ya wodi ya vichanga, jambo ambalo wengi tuliliona haliwezekani.

Pamoja na mazuri yote hayo, ushirikiano wa utafiti unaweza kuwa wa haki au usiwe wa haki, na mwananchi anayo haki ya kujua tofauti. Tazama swali limetoka wapi. Oksitosini, dawa ya kubana mji wa mimba, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na wanaofanya kazi penye umeme wa kubahatisha wanajua jokofu likizimika usiku dawa inaharibika kimyakimya. Kutokana na shida hiyo ikajaribiwa kabetosini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, ya aina isiyoharibiwa na joto, kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, na mwaka 2018 ikaonekana haizidiwi na oksitosini katika kuzuia damu. Hilo ni swali lililotoka wodini. Lipo pia swali linaloletwa limeshaandikwa, fedha zimeshapangwa, na hospitali inaombwa tu wagonjwa na sampuli za damu. Hilo la pili nimelishuhudia, na sitalitetea.

Ukialikwa kushiriki, pengine ukiwa kliniki na mimba yako, usione haya kuuliza. Nani ameidhinisha utafiti huu, na kamati ya maadili ni ipi? Damu yangu itapelekwa wapi, na itatunzwa mpaka lini? Nikipata madhara nani atanitibu? Dawa ikifaulu, itapatikana hapa au mtaondoka nayo? Unaweza kukataa, au kukubali kisha ukajitoa katikati, na huduma yako isipungue hata kidogo. Anayekuletea fomu wakati uchungu umekolea, akakuonyesha pa kusaini bila kukusomea, hajakuomba ridhaa. Penye dharura kuna taratibu maalumu zinazopitishwa na kamati, lakini kwa tafiti nyingi mahali pa kuelezana ni kliniki, mama ametulia, na muda wa kwenda kushauriana na wa kwake upo.

Mama mmoja alisikiliza maelezo yangu yote, akaichukua kalamu, akaishikilia bila kuandika. "Nesi," akaniuliza, "nikishasaini hapa, mtarudi kutuambia mlichokipata?" Nikamwambia ndiyo, tutarudi. Akasaini. Jioni nilifungua bajeti ya utafiti ule nikaisoma ukurasa kwa ukurasa. Ilikuwa na safari za mikutano, ilikuwa na kompyuta, ilikuwa na ada za kuchapisha. Ya kurudisha majibu kwa akina mama haikuwemo hata senti moja. Tulipomaliza, nilikwenda kwake kwa nauli yangu. Siku hizi nikikalishwa mezani na washirika kupanga utafiti, mstari huo ndio ninaoudai uandikwe kwanza.