Mji Mkongwe: fedha za kwanza ziende kwenye paa

Bajeti ya Zanzibar ikijadiliwa, huulizwa kwa nini serikali itie fedha katika kuta chakavu za Mji Mkongwe ilhali watu wanahitaji nyumba na barabara. Swali ni la haki, ila Mji Mkongwe nao ni makazi, na nyumba zake nyingi ni za serikali au za wakfu. Moja ikianguka, wakaazi wake wanajiunga na wale wanaosubiri nyumba mpya.

Ninachokipinga ni mgawanyo. Fedha hukimbilia jengo lenye jina, nyumba za vichochoroni zikakosa hata bati la kuziba panapovuja.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na sakafu zimelazwa juu ya boriti za mikoko zilizozamishwa vichwa ukutani. Maji ya paa yakipenya, chokaa huoshwa, ukuta unatuna, na kichwa cha boriti kinaoza ndani, jicho lisipofika. Ufa unapoonekana, kazi iliyokuwa ya mabati na mfereji imeshakuwa ya kubomoa sakafu, kubadilisha boriti na kujenga ukuta upya. Ndiyo maana naona ni upotevu kungoja.

Zabuni nazo zina kasoro: mara nyingi huandikwa kama za jengo jipya, kwa saruji, bei isiyobadilika na muda mfupi. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na hufungia unyevu. Chumvi hujikusanya nyuma yake hadi lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Kinachofaa ni chokaa iliyozimwa kwa maji na kuachwa ikakomaa, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga usio na chumvi (wa ufukweni haufai). Ipakwe tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi sentimita moja hivi, na inyunyiziwe maji siku kadhaa isikauke kwa pupa. Mkandarasi anayekimbizwa na tarehe hawezi kuisubiri.

Beit al-Ajaib, kasri la sultani la 1883 hapo Mji Mkongwe, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Kwa majengo ya namna hii ningegawa zabuni mara mbili: kwanza ukaguzi na kuegemeza kuta na sakafu, kisha kazi yenyewe, na fungu la dharura la asilimia 15 hadi 20, kwa sababu hali ya ndani ya ukuta haijulikani mpaka ufunuliwe.

Nyumba za kawaida zinahitaji fungu dogo la kila mwaka, lisiloguswa kwa jambo jingine, la paa na mifereji. Ukaguzi ufanyike Januari na Februari, ili mafundi wamalize kabla ya masika.

Barabara zisitengwe na hesabu hii. Njia ikimwagiwa tabaka jipya juu ya la zamani mpaka ikapita vizingiti, mvua inaingia kwenye misingi. Tabaka la zamani likwanguliwe kwanza, na gharama ya mtaro iandikwe ndani ya mkataba uleule wa barabara.